Kabla hujatoa akiba yako kwa sababu ya Roma

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi umeme, nina mke na watoto wawili. Kwa miezi kama mitatu nimekuwa nikitazama video za jamaa mmoja anayeeleza jinsi Dola ya Roma ilivyoanguka. Anasema walizama kwenye anasa na uzinzi, wakaitupa dini ya mababu zao, wakaruhusu wageni wakajaa, pesa yao ikapoteza thamani, na siku moja mwaka 476 kila kitu kikaporomoka. Anamalizia kwamba dunia ya leo imefika palepale, na mwenye akili atoe hela zake anunue dhahabu aifiche. Nimekosa usingizi. Nina milioni sita kwenye SACCOS ya kazini na nataka kuzitoa zote. Mke wangu amekataa katakata, na sasa hatuelewani nyumbani. Naomba uniambie ukweli: Roma ilianguka kwa nini hasa, na sisi tujifunze nini?"

Marahaba, kijana wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na naona maswali mawili yamefungwa kamba moja. Moja ni la historia, na hilo ndilo nililolifundisha maisha yangu yote. Jingine ni la milioni sita na mkeo. Nitakaa zaidi kwenye la kwanza, maana hilo la pili limejengwa juu yake, na msingi una nyufa.

Tuanze na hiyo siku moja ya mwaka 476. Mwaka huo kamanda wa kijeshi aitwaye Odoacer alimwondoa madarakani kijana Romulus Augustulus, kaisari wa upande wa magharibi. Hakumuua. Alimpa posho ya sarafu za dhahabu 6,000 kwa mwaka, akampeleka akaishi kwenye jumba karibu na Napoli. Mavazi ya ukaisari yakapelekwa Constantinople pamoja na ujumbe kwamba kaisari mmoja anatosha. Seneti ikaendelea kukaa vikao vyake. Ungemuuliza mwuza samaki wa mjini Roma wiki iliyofuata kama dola imeanguka, angekushangaa.

Na kweli nusu ya dola haikuwa imeanguka. Upande wa mashariki, makao yake yakiwa Constantinople, Istanbul ya leo, uliendelea kusimama hadi tarehe 29 Mei 1453. Ni karibu miaka elfu moja zaidi, na watu wake muda wote huo walijiita Warumi. Kama umepita madrasa, unawajua: ndio Warumi wa Surat Ar-Rum, wanaotajwa kuwa wameshindwa na kwamba baada ya kushindwa kwao watashinda. Vita hivyo na Waajemi, walioiteka Yerusalemu mwaka 614, vilipiganwa zaidi ya miaka 120 baada ya tarehe ambayo jamaa yako wa video ameifanya kiyama.

Kwa hiyo swali lenyewe inabidi tuligeuze. Hizi zilikuwa nusu mbili za dola moja, zenye sheria zilezile, Ukristo uleule, na bila shaka dhambi zilezile. Moja ikaporomoka ndani ya vizazi vitatu, nyingine ikasimama. Sababu yoyote inayotolewa lazima ieleze tofauti hiyo, na nyingi ya hizo ulizosimuliwa haziwezi.

Chukua anasa na uzinzi. Mambo yanayosimuliwa sana ni ya makaisari akina Caligula na Nero. Nero alikufa mwaka 68. Dola ilifika upeo wa ukubwa wake mwaka 117, chini ya kaisari Trajan, karibu miaka 50 baada ya Nero kufukiwa. Ikiwa uzinzi ndio uliomuua mgonjwa, basi alikaa miaka 400 baada ya kula sumu, na kwa muda mrefu alikuwa ananenepa. Walioshuhudia kuanguka kwenyewe walikuwa Wakristo, maana imani hiyo ilifanywa dini rasmi mwaka 380. Honorius, aliyekuwa kaisari wakati Wagothi, kabila la Kijerumani, walipoupora mji wa Roma mwaka 410, alikuwa mcha Mungu tena mpole, na hakuwa na kipaji cha kutawala hata kidogo. Iko hadithi ya kumsuta, iliyoandikwa zaidi ya karne moja baadaye, kwamba alipoambiwa Roma imeangamia alilia akidhani ni kuku wake kipenzi aliyeitwa Roma. Sidhani ni kweli, lakini huwa inawaamsha wanafunzi wangu saa nane mchana.

Hili la kuacha dini ya mababu nalo ni la kale kama tukio lenyewe. Baada ya 410, waliobaki na miungu ya zamani waliwalaumu Wakristo, na Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, akaanza kuandika kitabu kirefu sana kuwajibu. Tangu siku hiyo kila kizazi kimeitumia Roma kama fimbo ya kumchapia jirani. Mwanahistoria mmoja Mjerumani aliketi mwaka 1984 akakusanya sababu zote zilizowahi kutolewa, akafikisha 210. Humo utakuta vitu vinavyopingana kabisa, kila kimoja kikiwa na watu wa kukiapia.

Kuhusu wageni, hapa naomba unisikilize kwa makini, maana ukweli upo ila umegeuzwa. Roma ilikuwa imejaa wageni tangu mwanzo, na hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu yake. Kaisari Septimius Severus alizaliwa Leptis Magna, katika Libya ya leo. Mwingine, aliyetawala kuanzia 244 hadi 249, historia inamwita Filipo Mwarabu. Mwaka 212 karibu kila mtu huru ndani ya dola alipewa uraia. Mgeni alikuja, akalima, akapigana vita vya Roma, na mjukuu wake akawa Mrumi.

Sasa tazama mwaka 376. Wagothi, wakiwakimbia Wahunni (kabila la wapanda farasi, si wahuni wa mitaani) waliotoka nyika za mashariki, walifika ukingo wa mto Danube wakaomba hifadhi. Kaisari Valens alikubali, akatarajia kupata wakulima na askari. Lakini maofisa waliopewa kazi ya kuwapokea waligeuza njaa yao kuwa biashara. Ammianus Marcellinus, askari mstaafu aliyeandika historia ya miaka hiyo, anasema waliwauzia wakimbizi mbwa wa kula, mbwa mmoja kwa mtumwa mmoja, na miongoni mwa waliochukuliwa utumwani walikuwemo watoto wa wakubwa wao. Wagothi wakaasi. Tarehe 9 Agosti 378, karibu na mji wa Adrianople, wakaliangamiza jeshi la Valens. Theluthi mbili ya askari walikufa, na kaisari mwenyewe maiti yake haikupatikana. Hao hawakuja na vita mkononi. Vita viliundwa na watu wachache wenye vyeo waliotaka kutajirika msimu mmoja.

Lakini nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Si kila aliyevuka mpaka aliomba hodi. Siku ya mwisho ya mwaka 406, makundi ya Wavandali, Waalani na Wasuebi yalivuka mto Rhine kwa nguvu, na hawakuwa na nia ya kulipa kodi ya mtu. Wapo wanahistoria wanaosema pigo hili la nje ndilo lililoua, na wengine wanasema mwili ulikuwa tayari umeoza. Mimi niko katikati, nikiegemea kwenye suala la kodi na jeshi nitakalolieleza sasa hivi.

Kwanza pesa, maana hapo video yako imegusa jambo la kweli. Kiswahili chetu kinaita madini na pesa kwa neno moja, fedha, na kwa Warumi vilikuwa kitu kimoja mkononi. Dinari yao, ileile ambayo Yesu aliiomba aonyeshwe picha ya Kaisari, wakati wa Augustus, kaisari wa kwanza, ilikuwa karibu fedha tupu. Nero akaipunguza mwaka 64. Kufikia Septimius Severus, aliyekufa mwaka 211 akiwausia wanawe wawatajirishe askari na kuwapuuza wengine wote, karibu nusu yake ilikuwa shaba. Mwishoni mwa miaka ya 260 sarafu iliyoshika nafasi yake haikuwa na hata asilimia 5 ya fedha. Ilikuwa shaba iliyopakwa weupe ili ing'ae kwa wiki chache. Bei zikapaa. Mwaka 301 kaisari Diocletian akatangaza bei elekezi kwa mamia ya bidhaa, na adhabu ya kifo kwa mwenye kuzidisha. Haikufanya kazi, kama ambavyo mwuza duka yeyote angemwambia bure.

Ndugu zetu wa Kongo hawahitaji kuelezwa na Mrumi jambo hili. Januari 1993 askari wa Mobutu walilipwa kwa noti mpya za zaire milioni tano, wafanyabiashara wakazikataa, na askari wenye mishahara isiyonunua kitu wakaingia mitaani kupora.

Tazama tarehe tena, hata hivyo. Uharibifu mkubwa wa dinari ulikuwa karne ya 3, miaka 200 kabla ya 476. Katika kipindi hicho, kati ya 235 na 284, zaidi ya makaisari 20 walipokezana, wengi wao wakiuawa na askari wao wenyewe, na mmoja, Valerian, akatekwa na Waajemi mwaka 260. Roma ilipona. Kaisari Constantine akatoa sarafu ya dhahabu, 72 kwa kila ratili ya Kirumi, na sarafu hiyo ikakaa imara kwa karibu miaka 700 upande wa mashariki. Pesa mbovu iliwaumiza sana watu, lakini si yenyewe iliyoizika dola.

Sasa tufike kwenye kiini. Wewe ni fundi umeme, kwa hiyo utanielewa upesi kuliko wanafunzi wangu. Laini moja ikitripu, yaani ikijikata, mzigo wake haupotei, unahamia kwenye laini zilizobaki. Zikizidiwa, nazo zinatripu moja baada ya nyingine, mpaka nchi nzima inakaa gizani wakati mitambo mingi yenyewe haijaungua. Roma ya magharibi ilizimika hivyo.

Jeshi ndilo lililokuwa likimeza sehemu kubwa kabisa ya mapato ya dola. Mapato hayo yalitoka karibu yote shambani, kwa kodi ya ardhi. Wavandali walipovuka Rhine, mashamba ya Gaul (Ufaransa ya leo) na Hispania yakaporwa, kodi ya hapo ikakauka, na majeshi yakapungua. Majeshi yalipopungua, mkoa mwingine ukapotea. Mkoa uliokuwa ukilisha magharibi, tajiri na wa amani, ulikuwa Afrika, yaani Tunisia ya leo na pembezoni mwake. Nafaka na mafuta ya zeituni yaliyoulisha mji wa Roma yalitoka huko. Mwaka 429 mfalme Geiseric aliwavusha Wavandali wake kutoka Hispania hadi Afrika. Augustino alikufa mwaka 430, mji wake ukiwa umezingirwa nao. Oktoba 439 wakaichukua Carthage.

Hiyo ndiyo tarehe ambayo mimi, kama ningelazimishwa kuchagua moja, ningeiandika ubaoni badala ya 476. Miaka mitano baadaye, mwaka 444, serikali ya Valentinian III, kaisari wa magharibi, ilitoa sheria ya kodi mpya, na ndani yake ikakiri waziwazi kwamba makusanyo hayatoshi kuwalisha wala kuwavisha hata askari waliopo. Ni nadra serikali kuandika hali yake kwa mkono wake namna hiyo. Mashariki walijaribu kuokoa mambo: mwaka 468 walituma merikebu zaidi ya 1,000 kwenda kuikomboa Carthage, kwa gharama ya zaidi ya ratili 64,000 za dhahabu. Geiseric aliomba siku tano za kufikiri, akangoja upepo ugeuke, akawaachia vyombo vinavyowaka moto katikati ya msafara. Miaka minane baadaye Odoacer alimwondoa Romulus, na hapakuwa na cha kutetea.

Mashariki walisimama kwa sababu za kawaida kabisa. Wavandali hawakufika Misri wala Syria, kwa hiyo kodi ilizidi kuingia. Constantinople ilikuwa na kuta zilizojengwa mwaka 413 ambazo hakuna aliyezivunja kwa miaka mingi mno. Na makaisari wao hawakuuana kwa kasi ileile. Theodosius II alitawala miaka 42. Magharibi walikuwa na tabia ya kuwachinja mafundi wao wenyewe. Mwaka 408 Honorius alimwua Stilicho, jemadari wake bora, na wanajeshi wa Kirumi wakaziua familia za askari wenye asili ya kigeni waliokuwa wakiitumikia Roma. Maelfu ya askari hao wakaenda kwa Alaric, mfalme wa Wagothi. Miaka miwili baadaye Alaric alikuwa ndani ya mji. Mwaka 454 Valentinian III akamwua Aetius, jemadari aliyekuwa ameishikilia magharibi kwa miaka 20, kwa upanga wake mwenyewe, wakiwa wanajadili hesabu za kodi.

Na hapo kwenye kodi ndipo ninapoliona la kujifunza, kama unanibana. Maseneta wa magharibi walikuwa matajiri wa kupindukia, na walijua jinsi ya kupata msamaha, kuchelewesha, na kusukuma mzigo kwa wadogo. Mkulima mdogo alipozidiwa alikimbilia kwa tajiri, akampa shamba lake ili alindwe na mtoza kodi. Hivyo kila mwaka mzigo uleule ulibebwa na watu wachache zaidi na maskini zaidi. Salvian, padri wa Marseille katika karne hiyo ya 5, anaandika kwamba maskini walikuwa wakihamia kwa Wagothi, wakichagua kuishi na wasiooga kuliko kuishi na watoza kodi. Alikuwa mhubiri, na wahubiri hutia chumvi, lakini dola inapofika mahali raia wake wanauliza "hii serikali inanisaidia nini?" na hawapati jibu, kuta hazitoshi. Hilo naliona linafaa kuulizwa popote, leo, bila kumngoja Mvandali.

Zaidi ya hapo nakuwa mwangalifu. Roma haikuwa na chanjo. Tauni iliyoanza mwaka 165 iliua watu wengi mno na hakuna aliyejua kwa nini. Haikuwa na benki kuu. Utajiri wake ulikuwa shamba, kwa hiyo mkoa ukipotea, chakula na mshahara vilipotea pamoja. Haikuwahi kupata utaratibu unaokubalika na wote wa kupokezana madaraka. Kuzipima nchi za leo kwa Roma kunasaidia kuuliza maswali, lakini hakutupi kalenda. Anayekuambia "sasa tuko mwaka 470" ana kitu anauza.

Hapo ndipo tufike kwenye dhahabu. Mimi si mshauri wa fedha, ila naweza kukusimulia juu ya Mrumi aliyefanya hasa unachotaka kufanya. Novemba 1992, katika kijiji cha Hoxne, mashariki mwa Uingereza, mtu mmoja alikuwa shambani na kifaa cha kutambua vyuma, akitafuta nyundo ya rafiki yake iliyopotea. Akakuta sanduku lililooza, na ndani yake sarafu karibu 15,000 za dhahabu, fedha na shaba, pamoja na vijiko na bangili. Zilizikwa baada ya mwaka 407, Roma ilipokuwa inaiacha Uingereza. Mwenyewe alizipanga vizuri, akafunga, akafukia. Hakurudi kuzichukua. Katika nchi ile sarafu zilikoma kutumika ndani ya miaka michache, mafundi wa vyungu wakapotea, hata gurudumu la kufinyangia likasahaulika. Aliyekuwa na dhahabu hakuwa na pa kununua chungu. Kilichowasaidia waliobaki kilikuwa majirani, mifugo, na kazi ya mikono, na wewe hiyo ya mikono unayo.

Kwa hiyo nenda kwenye ofisi ya SACCOS yenu, uende na mkeo. Ombeni kuona leseni na hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita, muulize mikopo mingapi haijalipwa, na mkizitoa zote mnapoteza nini: hisa, gawio, haki ya kukopa. Mkiona wanawazungusha kwenye hesabu, hiyo ni sababu halali ya kuhamisha akiba, na pelekeni malalamiko kwa afisa ushirika wa wilaya. Mkitaka hata hivyo kununua dhahabu kidogo, mtafuteni mshauri mwenye kibali ambaye haiuzi yeye. Na mtazame tena huyo jamaa wa video, chini ya maelezo yake, kama hakuna namba ya simu ya muuza dhahabu.

Suala la usingizi usilichukulie mzaha. Miezi mitatu ya kuangalia maangamizi usiku inamchosha mtu yeyote. Acha video hizo kwa wiki mbili. Ukiona usingizi haurudi, au moyo unakwenda mbio bila sababu, nenda hospitali umwone daktari, umweleze kama ulivyonieleza mimi.

Jibu hili umsomee na mkeo. Anza na hiyo ya nyundo, ndipo urudi kwa Wavandali.